Heko kwa Anayejitesa Bure

Kaunti ya Trans Nzoia ikipata siku moja hela za kusimamisha sanamu mjini Kitale, naisihi isimchonge mwanasiasa. Imchonge kijana aliyeinamia simu. Kijana huyo ameimaliza gemu ya shimoni, ameshuka hadi chini kabisa, ameipata hirizi aliyoifuata na kushangilia peke yake kitandani. Kisha, badala ya kulala kama watu, amerudi tabaka la kwanza kuanza upya, mara hii bila ngao, bila dawa na akiwa na njaa. Hakutumwa. Halipwi. Akishinda hakuna wa kumpigia vigelegele, akishindwa hakuna wa kumsuta. Kiumbe huyu amedharauliwa vya kutosha, na leo nimekuja kumpa haki yake.

Sifa njema huanza na ukoo, na ukoo wake si haba. Mnamo 1980 huko California, vijana wawili, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga gemu iitwayo Rogue. Haikuwa na picha hata moja. Shujaa alikuwa alama ya @, na madude yaliyomwinda yalikuwa herufi za alfabeti. Shimo lilijipanga upya kila ulipoanza, na ukifa umekufa, hakuna kurudishiwa roho. Chini kabisa kulikuwa na Hirizi ya Yendor. Mwaka 1987 akazaliwa mjukuu, NetHack, na huyu ndiye aliyempa cheo anayejitesa, kwani mchezo ukiisha hukusomea miiko uliyoishika: hukula nyama, hukusali, hukushika silaha, hukusoma neno hata moja, hukuua kiumbe kwa mkono wako. Wapo waliolimaliza shimo zima lililojaa majoka na mashetani bila kumuua hata panya, wakimwachia mbwa wao kazi hiyo chafu. Viongozi kadhaa wa dunia wametawala kwa mtindo huohuo na hawakupata alama yoyote.

Mwaka 2012 Oleg Dolya aliuleta ukoo huu kwenye simu za Android kwa jina la Pixel Dungeon. Baadaye akauachilia msimbo wake hadharani, na 2014 Evan Debenham akaukuza ukawa Shattered Pixel Dungeon. Hii ndiyo gemu ya mtu wa Kitale na Bungoma hasa: inaingia kwenye simu ya bei ya chini, haiombi bando, haikukatizi kwa tangazo la mkopo. Shimo lake lina matabaka 26. Unaanzia mitaro ya majitaka yenye panya na kaa, unapita jela, unapita mapango, unapita mji wa vibeti, unaingia kumbi za mapepo, na hirizi inakungoja huko chini, ileile ya 1980.

Tena sisi wa huku hatuhitaji kuchorewa pango. Mlima Elgon umetobolewa mapango mengi, na ukitoka Kitale ukapita Endebess unafika Kitum, ambako ndovu huingia usiku, katika giza lisilo na nyota, wakipapasa njia kwa mkonga hadi mbali ndani ya mwamba. Wakifika hukwangua ukuta kwa pembe na kutafuna jiwe lenye chumvi. Ndama wao wamewahi kutumbukia katika ufa ulio humo wasitoke tena. Popo wamejaa darini, na virusi vya Marburg vilihusishwa na pango hilo kupitia wagonjwa wa 1980 na 1987 waliokuwa wamelizuru. Mtunzi wa gemu naye aliweka popo katika matabaka ya mapango. Sijui kama ananionea wivu kwa kuishi jirani na pango halisi, lakini angepaswa.

Watalii humsifu sana yule ndovu. Nami namuuliza mtalii: amefanya nini cha ajabu? Mwili unadai chumvi, chumvi iko pangoni, naye ameifuata. Hata mbuzi wangu hufanya hivyo na jivu la jikoni. Bingwa wetu amempita ndovu kwa mbali. Yeye chumvi ameshaipata, ameilamba, ameshiba. Sasa anarudi gizani kuitafuta tena akiwa amefumba jicho moja. Nionyesheni mnyama mwingine mwenye uwezo huo.

Masharti yenyewe yana daraja. Ukiishinda gemu mara moja, inakufungulia orodha ya masharti tisa ya kujitwika. Sharti la mlo hufanya chakula kishibishe theluthi tu. Sharti la deraya huiondolea nguvu ile nguo ya chuma uliyoitegemea. Sharti la dawa huigeuza dawa ya kuponya ikawa sumu. Sharti la ukame huyanyima majani umande na mbegu. Sharti la giza hufupisha macho yako. Lingine hufuta nusu ya hati za kuimarishia silaha, na mengine huwaongezea maadui ukali na umoja ambao vyama vyetu vya siasa havijawahi kuuona. Unaweza kuchagua moja. Unaweza kujitwika yote tisa.

Lakini hayo yanasimamiwa na gemu yenyewe, na bingwa aliyekomaa huyaona mepesi. Yeye hujitungia yake moyoni: sitanunua kitu dukani, nitapigana kwa silaha niliyopewa mwanzoni, hadi mwisho, sitamkimbia adui. Hapo ndipo kukhu, yaani bibi yake, anayechambua mboga mlangoni huko Chwele, huishiwa na subira.

“Si ulisema juzi umeimaliza?”

“Nimeimaliza, kukhu. Sasa naimaliza bila kula.”

“Nani amekunyima chakula?”

“Nimejinyima mwenyewe.”

“Na ugali wangu, huo nao umejinyima?”

“Huo nakula, kukhu.”

“Basi huna mwiko wowote. Lete kuni.”

Kukhu ana hoja, na kuni zikaletwa. Hata hivyo Bungoma kwa jumla haina ruhusa ya kucheka. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa akipiga njuga, alfajiri hupelekwa mtoni akapakwa tope la baridi, kisha husimama uani mbele ya ukoo mzima asipepese jicho wakati kisu kinafanya kazi yake. Hospitali zipo. Sindano ya ganzi ipo. Na bado wapo wanaoikataa kwa hiari, tena kwa fahari. Hilo ni nini kama si kulivuka tabaka gumu huku chupa ya dawa ikiwa mfukoni, haijafunguliwa? Tofauti ni moja tu: mvulana wa Agosti anatazamwa na wajomba. Akitikisika, watu watakumbuka. Akisimama imara, atapewa zawadi na jina. Wa simu hana mjomba wala zawadi, na angetikisika mara mia kijiji kisingejua. Kwa hesabu ya ushujaa mtupu, usiochanganywa na hofu ya aibu, nathubutu kumpa wa simu alama ya juu zaidi, na naomba nisitajwe jina nikipita Bungoma mwezi huo.

Tuje kwenye uchumi. Vijana wenzake hubeti. Mkeka ukichanika kwa bao la dakika ya 90, pesa ya mbolea imekwenda Ulaya na haina tiketi ya kurudi. Bingwa wetu akishindwa amepoteza chaji, basi. Stima ikipotea, jambo ambalo halihitaji kuelezwa, gemu huhifadhi pale alipofika, na adui humsubiri kwa adabu hadi umeme urudi. Ni taasisi ngapi humu nchini ambazo zingekuhifadhia nafasi yako kwenye foleni namna hiyo?

Kifo chake nacho ni nafuu. Anakufa mara nyingi, na masharti yakizidi anakufa mara nyingi zaidi, lakini hakuna kamati ya matanga. Hakuna kundi la WhatsApp la michango ambalo huwezi kujitoa bila watu kukuona. Hakuna hema la kukodi, hakuna bazuka, hakuna mheshimiwa anayekuja kuhutubia maiti kuhusu uchaguzi ujao. Skrini inamwambia nani kamuua, anashusha pumzi, anaanza juu. Familia nyingi za Magharibi ya Kenya zimeuza ng'ombe kwa vifo vilivyopangwa vibaya kuliko hicho.

Watasema anapoteza wakati. Naam, anaupoteza, na ng'ombe amechelewa kukamuliwa, na maziwa yamefurika jikoni yeye yuko tabaka la 15. Sikatai. Ila naomba hukumu hiyo isitolewe na wale waliokaa juani tangu asubuhi wakimsubiri mgombea aliyeahidi kufika saa nne akafika saa kumi, akasema dakika tano, akarusha noti na kuondoka. Wao walipewa fulana. Tusigombane kuhusu nani alipoteza nini.

Na hapa ndipo penye kiini cha sifa zangu, kwa hiyo nitapunguza mzaha kidogo. Mkulima wa Kiminini huingia shimoni kila mwaka mvua za Machi au Aprili zinapokaribia. Hakuchagua sharti hata moja. Mbolea ya bei nafuu inaweza kufika mvua ikiwa imemtangulia. Mwaka 2017 viwavijeshi vya aina mpya viliingia mashambani na hakuna aliyekuwa ameviandika kwenye orodha. Mahindi hukomaa miezi mingi baadaye, na bei ya gunia la kilo 90 huijua akiwa ameshavuna, anadaiwa karo, na lori la dalali limeegeshwa langoni. Jirani yake wa Bungoma mwenye miwa anacheza gemu hiyohiyo kwa kusubiri malipo. Katika shimo lao sheria hubadilika katikati ya mchezo, na aliyeibadilisha hapatikani kwa simu.

Mtu aliyelelewa humo anapojiwekea masharti ya gemu usiku, usimcheke haraka. Ni ya kwanza maishani mwake aliyosomewa kabla ya kuanza. Ameyakubali kwa akili timamu, anajua yanaishia tabaka gani, na hayatabadilishwa na waraka kutoka Nairobi. Akishindwa, ameshindwa kwa haki. Akishinda, ushindi ni wake, haukupitia kwa mtu wa kati. Shida ambayo mtu amejichagulia ndiyo pekee anayoweza kuiita mali yake. Maskini ana shida tele, na karibu zote ni za kukodishwa.

Unyenyekevu wake pia unahitaji kutajwa, ingawa si wa kupenda. Panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma uketi karibu naye, naye akueleze kwamba jana alimwangusha mfalme wa vibeti bila deraya. Kabla hamjafika Kamukuywa utakuwa umegeukia dirisha kuhesabu mashamba ya mahindi. Aliyenunua pikipiki husikilizwa. Aliyejenga choo cha kisasa husikilizwa. Huyu amefanya jambo gumu kuliko yote mawili na hana wa kumsimulia, kwa sababu ili uuelewe ushindi wake lazima kwanza uwe umejitesa vilevile. Majigambo yamemkauka kooni. Ndivyo watawa wa zamani walivyopatikana.

Imebaki fadhila moja, kubwa kuliko zote. Mtazame akiwa tabaka la 16, mbele ya duka. Damu imebaki kidogo, dhahabu imejaa mfukoni, dawa ya kuponya iko pale inauzwa. Ameapa hatanunua kitu. Kiapo hicho hakikusajiliwa popote. Gemu haikijui, kukhu alikisikia nusunusu na amekisahau. Hakuna kamera, hakuna mkaguzi, hakuna kamati ya bunge. Akinunua atapona na hakuna atakayemwambia kitu. Analitazama duka, analipita, na hatua chache mbele anauawa. Hasemi ilikuwa bahati mbaya wala hamlaumu mtangulizi wake. Anarudi tabaka la kwanza.

Wengine, siku walipouvunja mwiko wao kwa udhaifu, walifanya jambo la ajabu zaidi: walishuka hadi chini, wakaishika hirizi, kisha wakajiambia kwamba haihesabiki, wakaanza upya. Yaani mshindi alijinyang'anya ushindi mwenyewe kwa kosa lisilo na shahidi. Nimezisoma ripoti nyingi za hesabu za umma na sijakutana na mwenendo wa namna hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Chama chenu cha akiba kitakapochagua mweka hazina, msihangaike na shahada, wala mwenye tai, wala anayefungua mkutano kwa sala ndefu. Mtafuteni yule kijana mnayemwita mvivu, yule wa kuinamia simu. Mwulizeni kama aliwahi kujiwekea mwiko usiojulikana na mtu, na alifanya nini siku alipouvunja. Akijibu kwamba alianza upya, sanduku lenu la kufuli tatu halina haja ya watu watatu wa kushika funguo. Mpeni funguo zote.