Kifaru cha Kutazamwa kwa Nyuma

Ugonjwa huu huanza na kishikio. Unanunua kifaru cha plastiki, kipimo cha moja kwa thelathini na tano, vipande vyake vimepangwa vizuri ndani ya sanduku pamoja na karatasi ya maelekezo. Mtu mwenye akili timamu angeviunga kama alivyoelekezwa, akapaka rangi ya kijani, akakiweka juu ya kabati na kwenda kulala. Sisi wengine tunakitazama kile kishikio cha mfuniko, pale juu panapozunguka mzinga, tunakiona kinene mno. Kina unene wa milimita moja. Kwa kipimo hicho, askari wa kweli angekuwa anashika nondo ya sentimita tatu na nusu! Basi unakikwangua kwa wembe, unachuna waya wa shaba kutoka kwenye chaja iliyokufa, unakunja kingine. Ukishakunja kimoja umekwisha, maana vyote vilivyobaki vya kiwandani vinaanza kuonekana vya uongo.

Changu ni Type 59, kifaru cha Kichina kilichonakiliwa kutoka T-54 ya Kirusi, aina ambayo jeshi la Tanzania, JWTZ, liliingia nayo Uganda katika vita vya Kagera. Nakijenga Tottenham, kaskazini mwa London, juu ya meza ambayo mke wangu bado anaiita meza ya chakula, kwa mazoea tu.

Kwa kazi hii Tottenham ni ghala. Maduka ya nywele ya West Green Road yana wavu wa kushonea nywele bandia, nao ukipakwa rangi ya kijani na udongo unakuwa wavu wa kufichia kifaru. Muuzaji aliniuliza madam anataka rangi gani, nikamwambia ni wa kifaru. Akanitazama kichwani, penye upara, akanipa chenji bila neno. Turubai hutengenezwa kwa karatasi laini ya kufutia pua, iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe na maji, ikakunjwa na kufungwa kwa uzi. Majani makavu ya kumwaga ardhini ni majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakaanikwa.

Hayo majani ya chai yaliniletea kesi. Niliyaanika juu ya hita, yakakauka vizuri, nikayatia kwenye kopo safi. Mgeni wetu, shangazi wa mke wangu kutoka Tanga, aliamka alfajiri akaliona kopo. Mtu wa Tanga hangoji kukaribishwa jikoni. Akayachemsha na tangawizi, akanywa vikombe viwili, kisha akatuambia kwa upole, asituumize, kwamba chai ya Ulaya haina nguvu. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikaunga mkono kwamba kweli, haina.

Antena nayo ina kesi yake. Unachukua kile kijiti cha plastiki kilichoshikilia vipande, unakipasha juu ya mshumaa mpaka kilegee, halafu unakivuta taratibu. Kinarefuka na kuwa chembamba kama unywele. Ndivyo inavyokuwa mkono ukitulia. Usipotulia, kinashika moto na kutoa moshi mweusi, na nyumba za huku zina kengele ya moshi darini, haina subira wala haijui mambo ya antena. Ilipolia, jirani yetu wa juu, mama wa Bukavu aliyekimbia vita vya kweli, alishuka ngazi akiwa na pasipoti mkononi na mtoto mgongoni. Alinikuta nimesimama juu ya kiti, napepea dari kwa sinia. Nilipomweleza kuwa ni kwa ajili ya kifaru, aliketi kwanza. Kisha akaniuliza kama kweli mtu anaweza kutafuta kifaru kwa hiari yake.

Swali hilo lilinipeleka kwa mtu aliyewahi kuwa karibu na kifaru bila hiari, yaani baba yangu mdogo, aliyeko Bukoba. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, yeye alikuwa mgambo. Alivuka mto na wenzake, akatembea kutoka Mutukula hadi Masaka. Nikampigia simu ya video, nikamwamkia, nikamwonyesha kazi yangu kwa fahari: taa za mbele nilizozichimba na kuzitia kioo cha pakiti ya dawa, minyororo ya kuvutia, mdomo wa mzinga wa milimita 100 niliouchonga kwa ncha ya kisu.

Alitazama kwa muda. "Kigeuze," akasema.

Nikakigeuza ubavu.

"Geuza kabisa. Mimi mbele ya kifaru sikuwahi kufika, mwanangu. Aliyefika mbele ya kifaru hakupigii simu leo. Sisi tulitembea nyuma."

Nyuma! Huko nilikuwa nimeunga vya kiwandani tu, mapipa mawili ya mafuta na lile gogo la kujikwamulia matopeni, nikidhani hakuna atakayepatazama. Kumbe mkaguzi wangu, akiwa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Tottenham, alikuwa amekariri mgongo wa kifaru mita kwa mita. Gogo la plastiki alilikataa mara moja. Nikatafuta kijiti cha kweli ukingoni mwa mto Lea, nikakikata sentimita nane. Akasema ni kisafi mno. Gogo lililowahi kulazwa chini ya minyororo huwa limetafunwa, na tena huo si mti wa kwetu. Nikalitafuna kwa koleo, nikalipaka kahawa ya Bukoba iliyokolea. Hapo akanyamaza, na kwa Mhaya kunyamaza mbele ya kahawa ya kwao ni alama ya ufaulu.

Ndipo ikaanza orodha. Sufuria iko wapi? Madumu ya maji? Mkungu wa ndizi? Majani ya migomba ya kufunika juu ndege zisione? Mkungu wa mita moja ni chini ya sentimita tatu, na kila ndizi unaiviringisha kwa ncha ya kijiti cha meno. Vidole vyangu vimegandana kwa gundi.

Hapa nawaonea wivu majirani wa zamani. Tottenham Hale, kando ya mto huohuo Lea, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha fanicha cha Harris Lebus. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mafundi wake waliweka kando makabati na vitanda, wakatengeneza ndege za mbao zisizo na injini aina ya Horsa, na pia vifaru bandia vya mbao, mfano wa Sherman, vya kumzugia adui. Leo mahali pa kiwanda pana makazi ya watu. Mafundi wale walikuwa na bahati: mtazamaji wao alipita angani, akaona umbo na kivuli, akaenda zake. Hakuna rubani wa Kijerumani aliyetua na kuuliza sufuria iko wapi. Nilipomsimulia baba mdogo, nikaongeza kuwa Amin alikuwa na Sherman za chuma, zilizotoka Israeli, alicheka mpaka simu ikatikisika. "Basi si wangempa hizo za mbao!"

Mkungu ulipokamilika nilidhani nimemaliza. Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikaona pua tupu.

"Na mimi niko wapi?"

"Baba, sanduku halikuja na mgambo."

"Kwani lilikuja na mkungu?"

Sikuwa na jibu. Ndani ya boksi la mabaki nina askari mmoja tu wa kipimo hicho, Mjerumani wa mwaka 1944. Sasa namkwangua kwa wembe. Kofia ya chuma nimeshaiondoa, koti linapungua, na bunduki nitambadilishia. Jana nilimwonyesha mwenyewe maendeleo. Alimkagua kuanzia miguuni, akaniambia nimpunguze tumbo, nimtoboe buti la kushoto, na nimwongezee urefu kidogo.

Buti naliamini. Urefu nitauliza kwa shangazi yangu, dada yake.