Sifa za Diski Isiyoonekana

Katika maudhi yote waliyokadiriwa mafundi wa seva, hapana lililotukanwa kwa wingi na kushukuriwa kwa uchache kama khitilafu iliyopo baina ya draiva za diski pepe, yaani ile hali ya kuwa mashine pepe iliyolelewa chini ya mwenyeji mmoja, ihamishwapo kwa mwenyeji mwingine pamoja na diski yake nzima isiyopungua hata baiti moja, huamka asubuhi ikaapa kwamba haijapata kuwa na diski. Naona imedhulumiwa, na maadamu hapana mtetezi aliyejitokeza, najitia mwenyewe kuwa wakili wake, bila ya ujira.

Na tuanze na ukweli wake. Chukua Windows iliyosimikwa juu ya VMware, ambako ilionyeshwa kontrola ya LSI Logic, ikaizoea na kuiamini. Ipeleke juu ya KVM, ambako diski huletwa kwa njia ya virtio, kisha iwashe. Mwanzo mambo huwa mazuri mno: nembo hutokea, nukta huzunguka, na fundi huanza kuwaza chai, kwa sababu wakati huo diski ingali ikisomwa kwa hisani ya programu ya mwenyeji ya kuwashia mashine, ambayo haina ubaguzi. Lakini kiini cha Windows kipokeapo mamlaka na kutaka kuisoma diski kwa draiva yake chenyewe, ndipo hubainika kwamba hakina draiva ya mgeni huyu, na skrini ya buluu huteremka na maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ambayo kwa tarakimu ni 0x0000007B. Huenda draiva hiyo imo ndani ya diski ileile, imenakiliwa humo na mtu mwenye busara. Haifai kitu, kwa kuwa ni ufunguo uliofungiwa katika kasha lake. Watumishi wangapi wa ulimwengu huu, kazi ikiwashinda, hujikongoja mpaka nusu ya njia na kuharibu mali ya bwana wao kabla ya kukiri! Khitilafu yetu hukataa mlangoni, haigusi faili hata moja, na sababu huitaja kwa herufi kubwa.

Wala haina upendeleo, na hili ndilo linifurahishalo zaidi. Wafuasi wa Linux, ambao hupenda kuwahurumia wa Windows kwa sauti ya kusikika, husahau kwamba katika Red Hat Enterprise Linux na jamaa zake, initramfs hutengenezwa kwa kawaida ikiwa na draiva za mahali mashine ilipo tu, kama kwamba kuhama ni jambo lisilowezekana. Na hata ile iliyobahatika kubeba draiva za akiba, ikiwa iliondoka kwao na diski iitwayo sda, hufika ugenini ikakuta vda, au xvda ikiwa mwenyeji ni Xen. Basi kama fstab iliandikwa kwa majina badala ya UUID, bwana yule aliyekuwa akihurumia wenziwe hujikuta mbele ya skrini nyeusi ya dharura, akidaiwa nywila ya root, ambayo aghalabu anayo mwenzake aliye likizoni.

Tena ni mhifadhi wa turathi asiye na mfano. Kwa kuwa kila mfumo endeshi sharti uonyeshwe kitu unachokijua, wenyeji hawathubutu kutupa cha kale: QEMU huiga hata leo chipu za Intel za mwaka 1996, pamoja na IDE yake isiyokubali zaidi ya diski nne. Na katika zama za Windows XP, ambayo wakati wa kusimikwa ilipokea draiva ya ziada kwa kubonyeza F6, na kwa flopi tu, fundi alilazimika kutengeneza flopi pepe, akaitia katika tundu pepe la mashine pepe, ili diski pepe ipate kutambuliwa: vitu vinne visivyokuwapo, vikitoleana ushahidi, na hukumu ikapita.

Maadui haikukosa. Mwaka 2008 Rusty Russell, mhandisi wa Linux kutoka Australia, aliandika kuitetea virtio kwa nia ya kuwapa wenyeji wote njia moja ya kuzungumza na wageni wao, na baadaye jumuiya ya OASIS ikazichapisha kanuni zake. Watu wa kijuujuu wakadhani maiti imekwisha kukafiniwa. Kumbe diski ya kusimikia Windows ingali haina draiva hizo, na mwenye kuisimika juu ya KVM, afikapo mahali pa kuulizwa iwekwe wapi, huonyeshwa orodha tupu, mpaka apachike ISO ya virtio-win na kuichagua viostor kwa mkono wake. Halafu, Novemba 2023, Broadcom ikainunua VMware na kugeuza taratibu za leseni. Ofisi nyingi zikafunga mizigo kuelekea Proxmox, ambayo msingi wake ni KVM, na mstahiki wangu, aliyekuwa akipokea wasafiri mmoja mmoja, akapokea misafara.

Wanaoijua hawashindani nayo. Fundi mzoefu huirudisha diski kuu kwenye kontrola ya IDE, ambayo Windows huitambua bila ya kuuliza, kisha huongeza pembeni diski ya pili ya virtio, ndogo, ya gigabaiti moja, ambayo haitahifadhi kitu maishani mwake. Huwasha, husimika draiva, na Windows, ikimwona mgeni huyo mnyonge asiye na madai, humkaribisha na kumwandika miongoni mwa wanaoruhusiwa kuingia mwanzo wa kuwaka. Mashine huzimwa, diski kuu huhamishiwa virtio kwa kibali cha yule mdogo, na mdogo hufutwa siku hiyohiyo, bila ya hotuba. Wapo pia wanaosimika draiva mapema, mashine ingali kwa mwenyeji wake wa kwanza, na safari yao yote ikapita pasipo buluu. Watu wa namna hiyo siwatii hatiani. Ila wanapodai posho ya usiku, sijui humwandikia mhasibu sababu gani.