Robo Kilo, Watu Sita

Robo kilo ya nyama ya vipande ikiingia kwenye nyumba ya watu sita huzua mgogoro wa mipaka. Baba ana kipande chake kwa desturi, mgeni ana chake kwa adabu, na watoto wanahesabu kwa macho vilivyobaki. Isage nyama hiyohiyo, kesi imekwisha. Nyama ya kusaga haihesabiki. Kila kijiko kina yake, hata cha kitinda mimba.

Kwa pilau ya nyama ya kusaga, nenda buchani asubuhi. Ikatae nyama iliyokwisha kusagwa ikalala kwenye sinia, maana hujui imekaa hapo tangu lini. Chagua kipande cha bega chenye mafuta kidogo, kisagwe ukiwa umesimama palepale. Mafuta yake yatakupunguzia ya chupa, na steki waachie wenye harusi. Muuzaji akinuna, mwite kaka, muulize habari za nyumbani, lakini usiondoke dirishani. Kisha ipike siku hiyohiyo. Kwenye kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu. Mashine huvichanganya hadi ndani, ndiyo maana nyama ya kusaga haitakiwi kubaki na wekundu hata chembe.

Sokoni tafuta masalo, zile nyanya zilizoiva hadi kulegea ambazo wapita njia wanazidharau. Kata sehemu mbovu, zilizobaki ndizo tamu kuliko zote. Mchele wa kawaida unatosha, nusu kilo. Mchele wa Kyela una harufu yake nzuri, na kuuzika chini ya bizari ni israfu.

Sasa sufuria, moja tu, nzito. Kaanga vitunguu vitatu hadi viwe kahawia iliyokolea. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, halafu wanashangaa pilau imekuwa nyeupe kama uji wa mgonjwa. Rangi inatoka kwenye kitunguu! Tia kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha nyama, uivuruge kwa mwiko isigandamane. Ngoja maji yake yakauke na ianze kukaangika. Anayemimina nyanya nyama ikiwa bado inaogelea anachemsha, hapiki, na aambiwe hivyo. Bizari nyembamba, mdalasini, iliki na pilipili manga vifuate, kisha nyanya hadi mafuta yajitenge.

Ongeza viazi vitatu vilivyokatwa, vinashibisha kwa bei ndogo. Kwa kila kikombe cha mchele weka viwili vya maji, upunguze kidogo kwa ajili ya nyanya. Tia chumvi, onja: mchuzi uzidi chumvi kidogo, kwa kuwa mchele utainywa. Ukichemka, mimina mchele uliooshwa.

Maji yakikaribia kukauka, funika, punguza moto, palia makaa juu ya mfuniko. Dakika ishirini. Katika muda huo atatokea shemeji kutaka "kuchungulia kidogo tu". Mpe kiti nje, mpe maji, mpe hata redio, ila mfuniko asiuguse: mvuke anaotaka kuuachia ndio unaoivisha punje za juu.

Pakua na kachumbari. Ukoko ni wa yeyote anayeutaka, kwa sharti kwamba ndiye atakayesugua sufuria.