Mkeka wa Besiboli Huchanika Usiku wa Manane

Nyie, hebu sogeeni. Ligi za Ulaya zimefungwa, Simba na Yanga wako mapumzikoni, na bado naona macho mekundu kijiwe kizima. Kumbe usiku mlikuwa Marekani! Mechi inayoanza saa moja jioni New York, huku kwetu ni saa nane usiku. Kijana wa bodaboda, ambaye asubuhi anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki, amekesha akisubiri Dodgers, timu ya besiboli ya huko, wamalizie mkeka wake. Dodgers wamepigwa, na hesabu imekwenda nao. Msyuuu!

Siwasemi kwa kuupenda mchezo wa watu. Besiboli ni mchezo mzuri, ukiuelewa unakushika. Kinachoniuma ni kwamba mnausoma kwa macho ya mpira wa miguu. Mmezoea timu kubwa ni kubwa. Yanga ilikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, hadi Ihefu walipoikata kule Mbarali Novemba 2022. Kwa hiyo mkiona jina kubwa mnaliweka kwenye mkeka mkijua limekaa. Besiboli haina timu ya hivyo.

Kule kwenye ligi kuu yao timu ziko 30, na kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku iendayo kwa Mungu. Seattle Mariners wa mwaka 2001 walishinda 116. Hakuna timu iliyowahi kushinda zaidi ya hizo katika msimu mmoja. Basi hao hao walipoteza 46, na mwisho wakatolewa na Yankees hata fainali hawakuiona. Dodgers waliobeba ubingwa wa 2024 walishinda 98 na kupoteza 64. Chukua hiyo, mwanangu, ikae kichwani: bingwa, mwenye mabilioni, mwenye nyota Shohei Ohtani, anapigwa mara 64 kwa msimu. Wewe ulidhani usiku wa jana ni wa ajabu?

Na wanyonge nao, msiwachezee. White Sox wa Chicago mwaka huo huo wa 2024 walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote tangu karne ya ishirini ianze. Kuna wakati walipigwa 21 mfululizo. Kuelekea mwisho wa Septemba walikuwa wameshapoteza 120, wamebakiza sita, dunia nzima inangoja waivunje rekodi ya aibu. Mtu yeyote wa hapa kijiweni angeweka hela upande wa pili akalala usingizi. Wakaifunga timu ya Angels mara tatu mfululizo! Wakaenda Detroit, wakapoteza moja, rekodi ikapatikana, Detroit wakajihakikishia nafasi ya mtoano. Kisha White Sox wakawapiga Detroit hao hao mara mbili wakafunga msimu. Timu mbovu kuliko zote, mechi sita, imeshinda tano. Nani aliyekuwa na mkeka huo? Hayupo.

Sababu yake ni mchezo wenyewe. Gongo ni la mviringo, mpira ni wa mviringo, na mrushaji anaurusha kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Mpigaji akiupata vizuri kabisa, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye glavu ya mtu. Akiuchapa vibaya, unadondoka mahali pasipo na mtu na wenzake wanakimbia kupata alama. Hakuna sare: zikiisha awamu tisa wakiwa sawa, wanaongeza mpaka mmoja apatikane. Siku moja ya besiboli haikwambii nani bora, ndiyo maana wanacheza mechi 162.

Najua, najua, kaka pale amenyanyua kidole. Atasema ujanja ni kumtazama mrushaji. Kwa hilo hajakosea, na ni afadhali kuliko kutazama rangi ya jezi. Mrushaji wa kuanza ndiye mwenye mechi mkononi, na hachezi kila siku. Kwa kawaida akishacheza leo anapumzika siku nne au tano. Kwa hiyo timu ile ile ya Jumatatu na ya Jumanne ni kama timu mbili tofauti, na odi zake zinapanda na kushuka kwa sababu yake. Mtu anayebeti bila kujua nani anarusha usiku huo anatupa hela kwenye giza.

Lakini sikiliza habari ya Jacob deGrom. Mwaka 2018, akiwa New York Mets, aliruhusu wastani wa alama 1.70 tu kwa kila awamu tisa. Ni kiwango cha kutisha, na walimpa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake. Alianza mechi 32. Mets walishinda 14 na kupoteza 18! Mwanamume anafanya kazi yake yote, anatoka uwanjani, wenzake hawajapiga kitu, warushaji wa akiba wanaingia wanamwaga. Sasa kama aliyekuwa bora kuliko wote msimu ule hakuweza kukupa hata nusu, huyo mrushaji uliyemsoma kwenye simu dakika tano atakupa nini?

Uwanja wa nyumbani? Mwenyeji anashinda kidogo tu zaidi ya nusu. Upepo wa uwanja wa Wrigley Field, hewa nyepesi ya mji wa Denver, yote yana uzito wake, na yote aliyepanga odi ameshayaweka. Hilo ndilo watu hawataki kulisikia. Timu imepewa 1.60, mpinzani wake 2.35. Gawanya 100 kwa 1.60, unapata 62.5. Gawanya 100 kwa 2.35, unapata kama 42.5. Jumlisha: 105. Ile tano ya juu ni ya kampuni, imechukuliwa kabla mpira haujarushwa.

Halafu mnasuka mkeka wa timu sita! Tuseme umechagua kwa akili sana, kila moja ina nafasi 60 kwa 100 ya kushinda. Zote sita kushinda usiku mmoja, nafasi haifiki tano kwa 100. Odi ya 1.60 mara sita, shilingi 1,000 inakupa kama 16,800. Weka mikeka 100 ya namna hiyo, umetoa laki moja. Kwa wastani itakurudishia elfu sabini na nane. Hapo umechagua vizuri. Hapo hujakosea kitu.

Au mnadhani aliye ndani ya michezo anaiponyoka hesabu hii? Ippei Mizuhara alikuwa mkalimani wa Ohtani, anakula naye, anasafiri naye, anajua nani anaumwa bega kabla ya magazeti. Huyu alibeti michezo mingine, na mwendesha mashtaka akasema besiboli haikuonekana humo. Mikeka kama 19,000, hasara ya dola milioni 40 na zaidi baada ya kutoa alizoshinda. Alimwibia Ohtani karibu dola milioni 17, na mwaka 2025 akahukumiwa miezi 57 jela. Mtu aliyeishi ndani ya michezo ya kulipwa!

Na hawa wanaowauzia mikeka ya uhakika kwenye simu, hawa ndio wanaonifanya nisonye mpaka mdomo unauma. Besiboli wameipendea kitu kimoja: haina sare. Anachukua watu 80. Arobaini anawatumia bure, “leo Yankees”. Arobaini wengine, “leo Boston”. Mmoja lazima ashinde. Waliopata hasara anawafuta, wanabaki 40. Kesho anawagawa tena, wanabaki 20. Keshokutwa, kumi. Watu kumi wameona kwa macho yao jamaa anapatia siku tatu mfululizo, wanaapa kwa mama zao kwamba ana mtu ndani Marekani. Siku ya nne anawaomba hela, na wanatoa, kwa sababu wale 70 hawawaoni, hawana kundi moja nao.

Usiku mmoja kule kunaweza kuwa na mechi 15. Kwa hiyo anayejiita mtaalamu hakosi pa kujipimia. Mwambieni aandike hapa, kwenye ukuta wa muuza kahawa, timu moja kila siku kabla mechi haijaanza, pamoja na odi yake, sote tukisoma jina lile lile, mwezi mzima bila kufuta hata moja. Tarehe ya mwisho tutakaa naye tujumlishe shilingi kwa shilingi. Akikataa, toa simu yako sasa hivi ufute namba yake, na umpigie huyo mdogo wako uliyemuunganisha naye.