Adabu za Kununua Gari Kundini, Ukiwa Babati

Mgeni uliyeunganishwa leo kwenye kundi la WhatsApp la magari hapa Babati, karibu. Anza na salamu: "Habari za majukumu, wakuu." Humo ndani kila mtu ni mkuu, bosi au kiongozi, hata anayeuza tairi moja.

Usiulize bei hadharani. Tangazo limesema "bei maelewano, njoo inbox", na ukienda inbox utaulizwa wewe una ngapi. Ukitaja kiasi, umeshanunua. Usipotaja, utaambiwa wateja wa kweli hawana maswali mengi. Fahamu pia kwamba unayeongea naye hana gari. Ni dalali aliyelipata kwa dalali mwenzake, na kila mmoja ameweka cha juu chake.

Jifunze kusoma matangazo. "Wewe ni kuweka mafuta tu" maana yake tangi limekauka. "Ina vitu vidogo vidogo": giaboksi ni kimojawapo. "Ilikuwa ya mwalimu wa kike, shule na nyumbani tu" ni kweli tupu, ila shule yenyewe iko Dongobesh, na kila Jumatatu gari lilikuwa likipanda mlima wa Dareda. "Namba E" huandikwa kwa herufi kubwa, na wewe unatakiwa kushangaa. Herufi hiyo inataja gari limesajiliwa nchini lini, haitaji limetengenezwa lini. IST ya 2003 iliyoshuka bandarini juzi inavaa E vilevile. Na kwa kuwa anayeagiza gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa asilimia 30 ya uchakavu, juu ya ushuru mwingine, waliokwisha kuingiza za kwao hawana haraka ya kupunguza bei. Kilomita zitakuwa 78,000. Huwa ni 78,000.

Sasa picha. Iliyo bora hupigwa kando ya Ziwa Babati, gari limetoka kuoshwa, kidole gumba cha muuzaji kimefunika namba. Dar kidole hicho kingeficha kitu. Hapa mji mzima unalijua gari hilo: mlango wa nyuma ulibonyea wapi, nani walilisukuma usiku ule Maisaka, fundi yupi wa Bagara alikaa nalo masika hadi masika. Wanakundi wote wanajua, na wote wanaandika "Chuma hicho!" wakiongeza alama ya moto, kwa sababu kila mmoja ana lake atakalolileta mwezi ujao. Ukithubutu kuuliza, "Hii si ile Noah iliyokuwa mchomoko wa Galapo?", utaondolewa kundini kwa kuharibu biashara za watu. Binafsi naona ni adhabu ya haki.

Kuuliza jina lililo kwenye kadi ni kama kumuuliza mama mkwe umri wake. Utajibiwa "kadi ipo, orijino." Ipo kweli, kwa jina la bwana aliyeuza gari zamani akahamia Tunduma, na siku ya kuhamisha umiliki TRA utamtafuta wewe. Kuangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Ndiyo maana kidole gumba kipo pale. Fundi wako unaruhusiwa kuja naye, mradi asilale chini ya gari.

Mwisho utaombwa laki mbili za kulishikilia gari, maana kuna mteja anakuja na fedha taslimu kutoka Arusha na ameshafika Magugu. Usitume. Jibu kwa heshima: "Ngoja nikae na familia, mkuu." Kesho kutwa piga tena, mteja bado atakuwa Magugu. Mchele wa huko una jina, kwa hiyo huenda anakula.