Hesabu ya Makochi

Mambo ya kurudi nyumbani hayana adabu kabisa. Unafutwa kazi Industrial Area, unapewa kiinua mgongo cha kununua mabati ya upande mmoja, na nyumba yako huku Isecheno ilifika lenta ikasimama. Iko lenta tangu kijana wangu awe darasa la nne. Sasa kijana ameota ndevu. Lenta nayo imeota nyasi.

Basi vitu vya chumba changu cha Kangemi, Nairobi, ningepeleka wapi? Simba yangu, ile nyumba ya ujana, mzee alishawapa mbuzi. Nikamuuliza kama mbuzi wanaweza kusonga kidogo. Mzee akanitazama, akawatazama mbuzi, akasema hao angalau wanazaa. Nikanyamaza. Nikaenda kwa brother. Mke wake akasema karibu sana shemeji, lete tu makochi, tutayakalia. Umesikia hapo? Makochi ya siti saba, rangi ya maruni, bado yana nailoni kwenye mikono. Mimi mwenyewe siyakalii, naketi kwa stuli.

Kijana wa ndevu akatoa simu. Akasema baba, siku hizi watu hukodi stoo. Ati Marekani walianza mambo hayo miaka ya 1960, mtu anakodi chumba, anafungia vitu vyake, anaenda na ufunguo. Hata Nairobi ziko. Akanisomea vipimo. Futi 5 kwa 5 ni ya maboksi na baiskeli. Futi 5 kwa 10, vitu vya chumba kimoja. Futi 10 kwa 10, vitu vya nyumba yenye vyumba viwili vya kulala. Futi 10 kwa 20 ni ya familia kubwa, wale wenye friji na mashine ya kufua.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kumi kwa kumi? Teni bai teni? Hiyo si stoo bwana, hiyo ni anwani yangu! Ndoa yangu yote nimeishi teni bai teni. Mimi, mama watoto, watoto wanne, na yule binamu aliyekuja kutafuta kazi kwa wiki mbili akakaa mpaka akaoa. Sasa piga hesabu na mimi. Kama teni bai teni inatosha vitu vyangu pamoja na watu saba, ukitoa hao watu saba, si chumba kinabaki wazi? Watu ndio wanene. Sufuria haigeuki usiku. Kabati halinyooshi miguu. Nikakata nusu palepale. Tano kwa kumi, na ibaki nafasi ya kuku.

Mama watoto akasema, "Baba Wycliffe, pima kwanza."

Nipime nini? Mtu anapima vitu ambavyo amekuwa akijigonga navyo gizani miaka yote hiyo?

Kuna mama mwenye ploti pale Shinyalu, ana vyumba vya kukodisha nyuma ya maduka. Kimoja kilikuwa stoo ya kinu cha unga, futi tano kwa kumi, mia nane kwa mwezi. Kingine kilikuwa baa, kumi kwa kumi, elfu moja mia tano. Akaniuliza, "Papa, una vitu vingapi?" Nikasema kidogo tu. Akasema, "Kidogo ya pikipiki ama kidogo ya Canter?" Nikajifanya simu inalia. Nikalipa mia nane.

Pesa zilipoingia kwa mkoba ndipo akaanza masomo. Ati stoo haiangaliwi sakafu peke yake, inaangaliwa kimo. Nani alikuwa anajua? Mimi nikikodi chumba naangalia chini, kwa sababu huko ndiko nalala. Kumbe ukuta wa futi nane kwenda juu ni vyumba viwili ukijua kupanga. Vizito chini, vyepesi juu. Meza ifunguliwe miguu. Kabati lisikae tupu, lijazwe nguo. Sufuria iingie kwa sufuria. Uache kinjia katikati, la sivyo ukitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto utatoa kitanda nje kwanza. Halafu mlango. Mlango wake ni futi mbili na nusu. Alisema hilo akitazama kando, na mimi sikulitilia maanani, kwa sababu mlango ni mlango.

Canter ilikuja Jumamosi. Ndugu yangu, usihame Jumamosi upande huu. Tulipokata kona pale Khayega tukakuta fahali anapelekwa uwanjani kupigana, ngoma za isukuti zinalia, vijana wanakimbia na matawi mkononi. Barabara yote yao. Canter ikabaki nyuma ikitambaa. Vijana wakaona makochi huko juu, wakapanda. Yakakaliwa! Makochi ambayo sijawahi kukalia! Nikaingia Shinyalu kwa firimbi na ngoma, vitu vyangu vyote wazi juani, watu wametoka madukani kunitazama. Mzee mmoja akauliza fahali wangu anaitwa nani. Nikasema sina. Akasema, "Sasa unasindikizwa kwa nini?"

Mama mwenye ploti akasimama mlangoni akikagua kila kitu. Upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi kuna magunia ya mahindi ya watu, kilo 90 kila gunia, na hataki unyevu wa mgeni. Anayo chupa yake ya kupimia. Anatia mahindi na chumvi kavu ndani, anatikisa, anatulia. Chumvi ikishika kioo, hayo mahindi yanarudi juani. Anasema unyevu ukizidi asilimia 13.5 yanaota kuvu, na kuvu hiyo ina sumu ya kuua. Hapa karibu na msitu mvua ni kama milimita 2,000 kwa mwaka, kila kitu kinaota. Viatu vyangu vimeota. Kwa hivyo vitu vyote vikae juu ya mbao, visiguse sakafu wala ukuta. Sawa. Halafu akafika kwa godoro. Akaliinamia. Akalinusa.

"Hili lilikauka lini?"

Mbele ya umati wa fahali. Nikasema hilo ni la watoto. Mama watoto akasema si la watoto.

Tukaanza kupanga. Vitanda viwili vikaingia, kabati, meza, maboksi, sanduku la bodingi, na stoo ikajaa. Canter nayo ni kama bado haijaguswa! Nikamwambia turniboi wamechanganya na vitu vya mtu mwingine. Akanionyesha wufa. Ni langu. Hilo wufa lilikuwa kwa fundi tangu 2019, alilileta mwenyewe siku ya kuhama, kwa machozi.

Ndipo niligundua ile simu ya kijana ilivyonidanganya. Kangemi vitu havikuwa ndani! Jiko lilikuwa kwa koridoo. Mitungi ya maji ilikuwa kwa ngazi. Baiskeli ililala kwa mlinzi. Nguo zilikuwa zimevaliwa. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, godoro dogo juu ya sanduku, na binamu juu ya godoro. Landilodi alinikodishia futi mia moja, nami nikakalia zingine za majirani bila risiti. Na wale watu saba niliowatoa kwa hesabu hawakuwa wanakula nafasi. Ndio walikuwa shelfu. Marekani hawaandiki hayo.

Nikakimbilia ile ya baa. Imeenda! Ni Agosti, watu wamevuna, chumba kimejaa magunia hadi kwa mabati, na bei nayo imepanda na mahindi.

Vilivyobaki nikavibeba hadi Isecheno, nikaviweka ndani ya nyumba ya lenta, nikafunika kwa turubai. Wale kima wa msituni wakaja kukagua. Hawa si kima wa kawaida, wana faili. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marina Cords, amewafuatilia hapa Isecheno tangu 1979, wanajulikana mmoja mmoja. Mimi nimezaliwa hapa na karani wa chifu bado ananiuliza mimi ni wa nani. Mmoja akaingia chini ya turubai akatoka na ndizi zetu. Kima ana vifuko mashavuni, stoo yake amezaliwa nayo. Akasukuma ndizi upande huu, akasukuma upande ule, mashavu yakavimba sawasawa, akapanda mti kwenda kutafuna kwa nafasi yake. Halipi kodi. Haulizwi amekauka lini. Alinitazama kwa muda mrefu kule juu, na nina hakika alikuwa anaangalia turubai.

Makochi madogo nilibembeleza yakaingia stoo, yamesimama wima. Lile refu la siti tatu likagoma. Tukaliingiza kwa kichwa, likagoma. Kwa miguu, likagoma. Kwa ubavu, likakwaruza fremu, nikaandikiwa mia mbili. Fundi akang'oa mlango, likagoma. Akaleta msumeno, mama watoto akalia, msumeno ukarudi kwa begi. Likabaki veranda. Mama mwenye ploti ana huruma, veranda ameniwekea mia tatu kwa mwezi, na akanikumbusha kwamba ile mia nane pamoja na hii mia tatu na ile ya fremu inakaribia sana bei ya baa. Sikumwomba anijumlishie.

Juzi nikaenda kuliangalia. Mvua inanyesha. Nikakuta vijana watatu wa boda wamejaa juu yake, wamenyoosha miguu, wanakula mahindi ya kuchoma. Nailoni yangu wameitoa, wamefunikia siti za pikipiki zisilowe. Nikawaambia kwa upole kwamba hilo kochi ni langu. Wakasema tunajua mzee, ndiyo maana tunalilinda. Nikaomba basi nikae kidogo, miguu inauma, na tangu ninunue hilo kochi sijawahi kuegemea.

"Ngoja hapo kando, mzee," mmoja akaniambia, akionyesha wengine wawili waliosimama kwa ukuta. "Kuna foleni."