Pumu ya Probox

Wa kwanza kutambua ugonjwa wa gari langu alikuwa mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Nilikuwa nimemchukua Molo, tumeteremka Salgaa salama salimini, na sasa tulikuwa tumekwama kwenye raundabauti ya KFA mjini Nakuru, gari limezima mara ya tatu, bodaboda wakitupita kushoto na kulia. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mkoba magotini, amenyamaza kama mtu anayehesabu upya ng'ombe wa mahari. Nikawasha. Gari likatetemeka, likavuta pumzi kwa shida, likazima. Ndipo aliposema, polepole:

“Mwalimu, hii gari iko na pumu.”

Nilitabasamu kwa adabu, maana mama mkwe habishiwi. Moyoni nikasema: Mama wa watu, pumu ya gari ameitoa wapi?

Siku nne baadaye tulitakiwa kuwa njiani kwenda Mombasa, kwenye harusi ya shemeji. Kutoka Nakuru hadi pwani ni zaidi ya kilomita 600, na ni mteremko kutoka mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari mpaka baharini kwenyewe, ambako Mama hakuwa amewahi kufika. Gari letu ni Probox. Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002 kwa ajili ya mizigo midogo, nasi Wakenya tukaona neno “midogo” linaweza kujadiliwa. Limekwisha kubeba viazi, madawati, kondoo na kwaya. Sikuona kwa nini lishindwe na mama mkwe.

Tena nilikuwa nimelitayarisha. Nilibadilisha oili, nikapima upepo wa magurudumu pamoja na lile la akiba, nikanunua pembetatu za kuakisi ili askari wa barabarani wasinipate na kosa. Mwisho, kwa heshima ya harusi, nilipeleka injini ikaoshwa. Kijana wa kuosha magari aliielekezea bomba la maji ya presha mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Nilisimama pale boneti ikiwa wazi, nikawaonyesha hata wapita njia. Kumbuka hiyo injini safi. Tutairudia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Barabarani, gari lilikuwa mpole kama kondoo. Ukikanyaga mafuta linakwenda bila neno. Lakini ukisimama tu, kwenye mataa au foleni, mshale wa mizunguko unaanza kupanda na kushuka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, halafu kimya. Taa ya injini nayo ikawaka kwenye dashibodi, ya rangi ya chungwa, ikakataa kuzimika.

Ukitaka kujua Nakuru ina mafundi wangapi, fungua boneti kando ya barabara. Jirani alisema ni plagi. Mwuza mahindi akasema ni mafuta, siku hizi yanachanganywa na mafuta taa. Mwalimu mwenzangu wa Dini akasema tuombe. Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi nguo za harusi, aliuliza swali moja tu: “Baba watoto, basi la Mombasa ni pesa ngapi?”

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa sekunde mbili akasema, “Boss, inamisi. Ni plagi.” Akaweka plagi nne mpya. Shilingi 3,200, na mkono wake 500. Gari likamshukuru kwa kuzima likitoka getini.

Fundi wa pili alikuwa kijana wa kisasa, ana kifaa kidogo anachokichomeka chini ya usukani na injini inajieleza kwenye simu yake. Nilivutiwa. Simu ikasema: P0171. “Hii ni leni,” akaeleza, yaani mchanganyiko ni mwembamba, hewa imezidi petroli. “Sensa ya oksijeni ndiyo inasema hivyo. Tutaibadilisha.” Kusomewa simu shilingi 1,500, sensa 6,500. Taa ikazimika. Nilipofika nyumbani ilikuwa imewaka tena, kana kwamba ilikuwa imekwenda kujisaidia tu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sensa ya oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi, inanusa kinachotoka, inarudi kutoa habari. Ilikuwa imeleta habari za kweli, nasi tukaing'oa kwa ajili hiyo, tukamleta mjumbe mwingine, naye akasema yaleyale.

Kijana hakukata tamaa. Akatoa geji ya kupimia mvuto wa hewa ndani ya injini, akaichomeka. Mshale ukasimama kwenye 11, ukitikisika. Akafungua chati kwenye simu: injini nzima inatakiwa isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Akanitazama kama daktari anayeomba jamaa waitwe. “Mkubwa, injini imechoka. Ringi zimekwisha. Hii ni kufungua yote.”

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nikaanza kuuliza bei ya basi.

Fundi wa tatu, mzee mmoja, nilimpata kwenye eneo la jua kali, nyuma ya lundo la gia boksi, akinywa chai ya rangi kwa kikombe cha bati. Nilimweleza yote: plagi, sensa, 11, ringi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Wewe unafundisha nini, mwalimu?”

“Fizikia.”

Akacheka mpaka chai ikamwagika. “Fizikia! Basi niambie, hiyo chati ya kijana iliandikiwa wapi?”

Nikakaa kimya. Kila mwaka, kwenye mada ya shinikizo, huwa nachemsha maji kidogo ndani ya mkebe, naufunika, naumwagia maji baridi. Mkebe unajikunja na darasa linashangilia. Nawaambia: si ombwe lililouvuta, ni hewa ya nje iliyousukuma. Nawaambia pia kwamba hapa tulipo, juu ya Bonde la Ufa, hewa ina uzito wa kama sehemu nne kati ya tano za ile ya pwani. Wanafunzi wanaandika, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, natoa alama. Halafu naenda gereji naambiwa injini yangu imekufa kwa sababu haijafikia kipimo cha mtu aliyekaa ufuoni.

“Kila futi 1,000 ukipanda, unatoa inchi moja,” Mzee akasema. “Nakuru ni futi 6,000. Gari nzima hapa inasoma 11 mpaka 15, mshale ukiwa tuli. Yako inasoma 11, tena inatikisika. Haijafa. Inaibiwa.”

Akaomba redio ya jirani izimwe. Akakata kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni, ncha nyingine akawa anaipitisha juu ya injini iliyokuwa ikitetemeka, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mdomoni mwa hewa, hapana. Bomba la breki, hapana. Kijana mmoja wa pale akajitolea kunyunyiza petroli kidogo ili wasikie injini ikibadilika. Mzee akamtazama. “Juu ya injini moto? Harusi ni ya Mombasa, unataka wapitie mochari?” Kijana akarudisha chupa.

Ule mpira ulipofika nyuma ya injini, chini, karibu na ukuta, mahali jicho halifiki, Mzee akatulia. Akanipa nami nisikilize. Nikasikia: sssss. Ungedhani nimewekwa kando ya kisima cha mvuke kule Menengai. Akachukua chupa ya kunyunyizia, ile ya kulainishia nywele kwa kinyozi, yenye maji na sabuni, akapiga mara mbili mahali pale. Injini ikatulia kwa pumzi moja, halafu ikaanza tena kuhangaika. Akapeleka mkono, akaziba kwa kidole gumba. Mshale wa geji ukapanda mpaka 14 ukasimama tuli. Akatoa kidole, ukaanguka. Akarudisha, ukapanda. Alifanya hivyo mara nne, na nina hakika mara mbili za mwisho zilikuwa za kunichezea.

Hapa niwaeleze mlio na magari, kwa lugha ya harusi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa akilini mwangu. Mlangoni pa injini pana sensa ya hewa, kama yule binamu anayekalishwa getini na daftari. Kila hewa inayoingia anaiandika. Kompyuta inasoma daftari na kuagiza petroli: gramu 1 kwa kila gramu 14.7 za hewa. Sasa tuseme ua una tundu nyuma ya jikoni. Daftari linasema wageni mia, pilau imepikwa ya mia, lakini kwenye viti wamekaa mia na thelathini. Hakuna anayeshiba, minong'ono inaanza. Hiyo minong'ono ndiyo kutetemeka kwa gari. Ukikanyaga mafuta, lango kubwa linafunguka, unaingia umati, na wale wachache wa tundu hawaonekani. Ndiyo maana barabarani gari lilikuwa zima. Ukisimama, lango limefungwa karibu lote, na injini inavuta kwa nguvu pale penye upenyo, na upenyo ndio ule.

Katika nchi hii mtu akilipwa kwa kazi asiyoifanya tunasema ameuza hewa. Gari langu lilikuwa limepatwa na kinyume chake: linapokea hewa ya bure isiyoandikwa popote, na bado anayelipa ni mimi. Tena upenyo wenyewe uko baada ya kichujio, katika mji ambao jina lake, kwa Kimaasai, husemwa kuwa na maana ya mahali pa vumbi.

Mzee akaingiza koleo, akavuta, akanitolea kitu kiganjani. Nilikitazama muda mrefu.

Kilikuwa kifuniko cha kalamu ya biro. Cha buluu.

Kwenye manifoldi ya hewa kuna kijibomba kidogo kisichotumika, ambacho huzibwa kwa kizibo cha mpira. Mpira huo huzeeka kwa joto, na wa gari langu ulikuwa umepasuka. Fundi fulani, mwaka fulani, kabla gari halijawa langu, aliona hali hiyo, akapapasa mfuko wa shati, akavisha kijibomba kifuniko cha kalamu yake. Kikaingia kama kilichopimwa.

Ila vifuniko vya biro vina tundu kwenye ncha. Watengenezaji huliacha makusudi, ili mtoto akikimeza kifuniko kikamkwama kooni, hewa iendelee kupita. Yule fundi alilijua hilo, au alilisikia likilia, kwa hiyo akaliziba kwa donge la silikoni. Na donge hilo lilishikilia safari zote, viazi vyote na kwaya zote, mpaka siku mwalimu wa Fizikia alipomlipa kijana wa maji ya presha aliondoe.

Kwa hiyo injini yangu ilikuwa inapumua kupitia tundu lililotobolewa mahususi kwa ajili ya kupumua. Mama mkwe alisema pumu. Kompyuta ilihitaji herufi moja na tarakimu nne kusema neno hilohilo, tena kwa shilingi 1,500.

Kizibo kipya cha mpira kilikuwa shilingi 50. Mzee alitaka 500 kwa kazi yake. Nikaongeza, na kwa aibu nikamnunulia chai nyingine badala ya ile niliyomfanya amwage. Plagi, mjumbe aliyeuawa na kusomewa simu vilikuwa vimenila shilingi 11,700 bila kunipa lolote zaidi ya elimu, na mimi ndiye mwenye cheti cha ualimu.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Gilgil kulikuwa na ukungu, Naivasha kukapambazuka, na foleni ya Mlolongo, ambayo niliiogopa kuliko harusi yenyewe, tulikaa ndani yake nusu saa nzima mshale wa mizunguko ukiwa umetulia kwenye 700. Tulipokuwa tunakunywa soda Mtito Andei, nilijipa moyo nikamsimulia Mama kisa chote: sikio, sabuni, kidole gumba, kifuniko. Alisikiliza bila kucheka. Kisha akafuta midomo kwa leso, akasema, “Mimi nilikwambia bure, Mwalimu. Wewe ukaenda kununua.”

Basi nawe unayejiandaa kwa safari ndefu, sikia la mtu aliyekwisha kulipa. Gari likizima likisimama na kukimbia likikimbizwa, zima redio, washa injini, tega sikio kabla hujafungua pochi. Usiruhusu mtu anyunyize petroli. Usikubali kubadilishiwa sensa kwa sababu imesema kweli. Na siku ya mwisho kabla ya safari, osha watoto, osha nguo, osha vioo vya gari. Injini iache na vumbi lake. Huenda ndilo linaloishikilia.